Kabati la Mwalimu na Sura Iliyobaki

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu kujifunza useremala, kila mara mnaniuliza mambo ya mashine. Ati mzee, kweli mlikuwa mnapiga randa kwa mkono? Ati mlipasua mbao bila stima? Ndiyo, tulipasua, na mikono yetu haikuwa laini kama hii yenu ya kushika simu. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza ni kazi gani niliyoiharibu. Mnadhani fundi huzeeka bila kuharibu? Ketini. Leo nitawaambia kuhusu kabati moja la vitabu, na mkinicheka mtakuwa na haki.

Nilifika Nakuru mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kijana wa kutoka Bungoma, shati moja mwilini na kiburi cha mashati kumi. Nikapata kazi kwa Bwana Jaswant, Kalasinga aliyekuwa na karakana nyuma ya stesheni ya reli. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mfupi, mkali, na hakujua kusifu. Ukiharibu, anapiga kelele mpaka watu wa barabarani wanasimama. Ukifanya vizuri, anasema "haya", anaenda zake. Mimi nilikuwa tayari kufanya kazi siku nzima bila kula, nipate hiyo "haya" moja.

Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa rafu ya vitabu ya mama mmoja Mzungu kule Njoro. Nilichagua ubao mrefu wa podo, safi, hauna fundo hata moja. Nikaukaza ukutani huku na huku, katikati hewa tupu. Ulipendeza ajabu. Yule mama akapanga vitabu vyake, sisi tukaenda jikoni, mpishi akatupa chai. Kurudi, ubao umepinda katikati, vitabu vimeegemeana vyote. Mama akamwambia Jaswant, "Fundi, rafu yako inacheka." Jaswant hakucheka. Alikusanya zana, tukaingia ndani ya lori.

"Kitabu iko karatasi," akaniambia, "na karatasi iko mti. Wewe naweka kitabu, naweka gogo. Gogo nataka mguu katikati. Wewe nasikia?"

Nilisikia. Na nyinyi sikieni, kwa sababu bado naona watu wanatengeneza rafu ndefu kama barabara ya Nairobi bila mguu katikati. Pia msipime vitabu kwa macho. Tafuta kile kirefu kuliko vyote, kipime, kisha acha nafasi ya vidole juu yake, ili mtu aweze kukiinamisha na kukitoa. Asipopata hiyo nafasi atakivuta kwa kichwa, na hapo ndipo kitabu huvunjika mgongo. Na rafu isigusane na ukuta wa nje. Mvua ya Aprili inapita kwenye ukuta, wewe huioni, vitabu vinaiona.

Sasa, jinsi nilivyokutana na Mwalimu Eliud ni aibu nyingine, lakini ndogo, hiyo nitaisema haraka. Shule yake ilitaka ubao wa kuandikia upakwe rangi upya. Jaswant akanipa mikebe miwili ya rangi nyeusi, mmoja wa ubao, mwingine wa lango la chuma. Pale karakana nilijua upi ni upi. Kufika shuleni, nimesahau. Mikebe ilikuwa na maandishi, lakini mimi na maandishi tulikuwa hatujajuana. Nikabahatisha. Asubuhi Mwalimu akaingia darasani, akashika chaki, chaki ikateleza tu. Ubao unang'aa, watoto wanajiona nyuso.

"Fundi," akasema, "mimi niliomba ubao, umeniletea kioo."

Watoto wakavunjika mbavu. Akanionyesha mkebe: hapa pameandikwa nini? Nikatazama ule mkebe, nikatazama viatu vyangu. Masikio yakawa moto. Mwalimu akaelewa, akawatoa watoto nje kwanza, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini, "Njoo kwangu Jumapili saa nane. Tutaanza na mikebe."

Na kweli tulianza na mikebe. Aliishi Bondeni, vyumba viwili, yeye na mkewe Mama Rhoda na mtoto wao. Alipanga mezani mkebe wa maziwa, wa majani ya chai, wa mafuta ya taa, na mimi nikasoma herufi moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Mvua mbili hazikupita nikawa nasoma gazeti. Mtu aliyenifanyia hivyo hakuwa ndugu yangu wala mtu wa kwetu, alikuwa Mmaragoli tu mwenye huruma, na hakunidai hata sukari. Nataka mlikumbuke hilo tunapoendelea.

Mwalimu alikuwa na vitabu vyake mwenyewe, si vya shule. Alivinunua kimoja kimoja tangu akiwa mwanafunzi, wenzake wakinunua viatu. Kulikuwa na kamusi iliyovalishwa karatasi ya kaki. Kulikuwa na atlasi ambayo bahari zake zilikuwa zimefifia mpaka zikafanana na nchi kavu. Kulikuwa na kitabu cha ufugaji wa nyuki, na nyumba nzima haikuwa na mzinga hata mmoja. Kulikuwa na kitabu cha mashairi ambacho Mama Rhoda alisema ndicho kilichomposa, Eliud alikibeba tu. Lakini kilichopendwa na wote kilikuwa kitabu kinene chenye jalada la kitambaa chekundu, hadithi ya mtu aliyeacha kwao kwenda kutafuta dawa ya macho ya mama yake. Kila Jumapili, baada ya masomo yangu ya mikebe, majirani walikuja, na Mwalimu akatusomea sura moja ya kile chekundu. Watu walikaa kitandani, sakafuni, mlangoni. Siku hizo za Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikiwasaka waasi wa msituni, kukusanyika ovyo kulimtia mtu matatani, kwa hiyo Mwalimu alikuwa ameomba ruhusa, ati ni darasa la kusoma. Haikuwa uongo sana.

Mkubwa wa wasikilizaji alikuwa Mzee Gathogo, mpishi wa hoteli moja mjini, mtu wa kutoka Nyeri. Mnene, mtulivu, koti lake halikosi kunukia vitunguu, na vipande vyake vya ruhusa amevikunja vizuri kwenye mfuko wa ndani, kwa sababu Mkikuyu wa siku hizo hakutembea bila karatasi. Siku moja alicheleweshwa kazini, akakuta tumekwisha soma sura nzima. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mmekula bila mimi," akasema.

Tukamwambia, keti mzee, tutakusimulia.

"Sitaki ya kusimuliwa. Hayo ni makombo."

Alikasirika, haki ya Mungu, kama mtu aliyenyimwa urithi. Ndipo akatoa shauri, na Mwalimu akalikubali, likawa sheria ya nyumba ile: hakuna sura mpya mtu akiwa hayupo. Akiugua, tunarudia sura za zamani mpaka apone. Akiwa kazini, tunamngoja. Tuliiita kanuni ya Mzee Gathogo, na ilitutesa kweli. Jirani mmoja aliumwa jino, tukarudia sura ya kuvuka mto Jumapili tatu. Mimi nilinung'unika kuliko wote. Lakini hakuna aliyeivunja, kwa sababu kila mmoja alijua kesho atakayengojewa ni yeye.

Jambo moja tu Mzee Gathogo aliuliza kila Jumapili kabla ya kwenda: "Mwalimu, huyo mama ataona?" Mwalimu alikuwa amekisoma kitabu zamani, akawa anatabasamu tu. Siku moja mzee akaniambia njiani kwamba mama yake mwenyewe kule nyumbani alikuwa ameingiwa na ukungu machoni, hatambui mtu ila kwa sauti. Alilisema upesi, akaanza kuzungumzia bei ya mayai. Tangu siku hiyo na mimi nikataka kujua kama yule mama ataona.

Basi mchwa wakaingia. Mwalimu aliweka vitabu katika masanduku ya karatasi chini ya kitanda, mchwa wakatoka kwenye udongo, wakala kitabu cha hesabu chote, wakabakiza ganda. Ukikishika kinavunjika kama mkate mkavu. Mwalimu akakusanya vile vipande katika gazeti. Nikamwambia, "Mwalimu, nitakutengenezea kabati. Mchwa hawatagusa tena." Tulikuwa tumebakiza sura moja tu ya kile kitabu chekundu. Shule zilikuwa karibu kufungwa, na Mwalimu alikuwa anaenda nyumbani Maragoli likizo nzima. Tukakubaliana sura ya mwisho isomwe atakaporudi, wote wakiwepo, Mama Rhoda apike mandazi. Na mimi nikaapa kabati litakuwa tayari kabla hajapanda treni.

Mti wa kuzuia mchwa mnaujua, ni mtarakwa. Nguzo za mtarakwa zinakaa ardhini mpaka aliyezichimbia anazeeka. Nikapata mbao kutoka Elburgon, nyekundu, zinanukia vizuri mpaka karakana nzima ikawa kama kanisa siku ya Krismasi. Jaswant akazibonyeza kwa kidole gumba.

"Hii bado nalia," akasema. "Iko mafuta mingi ndani. Ngoja mvua ingine. Na ukitengeneza, ndani usipake kitu. Mtarakwa nataka pumua."

Hapo ndipo penye ujinga wangu, vijana, na si ujinga wa kutojua, maana niliambiwa. Kusoma kulikuwa kumenipanda kichwani. Nilikuwa nasoma mikebe ya vanishi mwenyewe, neno kwa neno, na mkebe haukusema popote kwamba mtarakwa usipakwe. Nikajiambia huyu mzee anafuata mambo ya baba yake. Alipokwenda Nairobi kununua bawaba na misumari, mimi nikaunganisha kabati. Nikaweka milango ya vioo. Nikaikaza ikafunga kabisa, hata sisimizi asingepita. Na ndani, ndani kabisa, nikapaka vanishi mara tatu. Kwa nini ndani? Kwa sababu ya vioo. Nilitaka mtu akitazama kutoka mlangoni aone kunang'aa.

Nililipeleka kwa mkokoteni mchana kweupe, na sikupita njia fupi. Nilizunguka sokoni ili watu waone. Watu wakauliza, "Kabati la nani hilo?" Nikajibu kwa sauti. Mama Rhoda alipiga vigelegele. Mzee Gathogo, aliyekuwa amepita kumuaga Mwalimu, akafungua mlango mmoja, akapitisha kidole ndani, akakisugua na kidole gumba kama mpishi anavyoonja mchuzi kwa mkono.

"Fundi, hii bado mbichi. Inanata."

Nikamcheka mbele ya watu. "Mzee, wewe shika mayai yako. Mbao niachie mimi."

Alicheka na yeye, alikuwa mtu wa hivyo. Mwalimu akapanga vitabu vyake mwenyewe, taratibu, akivipangusa kimoja kimoja kwa mkono wa shati. Kile chekundu akakiweka katikati. Akafunga, akatia ufunguo mfukoni, nyumba ikafungwa madirisha, wakaenda stesheni.

Mnajua Januari ya Nakuru. Jua linachoma bati, vumbi la magadi linatoka ziwani linaingia hadi kwenye chai. Nyumba ile ilikaa imefungwa kama tanuri. Na ndani ya kabati mafuta ya mtarakwa yakatoka, hayakuwa na pa kwenda, yakaingia kwenye vanishi, vanishi ikarudi kuwa gundi. Leo naweza kuwaeleza hivyo vizuri, kama mwalimu wa chuo. Siku ile sikujua kitu. Siku ile nilikuja na shati lililopigwa pasi, nikaketi mbele, karibu na kabati, watu wapate kunitazama pia.

Watu wote walikuwepo. Mandazi yalikuwepo. Mzee Gathogo alikuwa ameomba ruhusa hotelini mapema asichelewe. Mwalimu akafungua kabati, harufu ikatoka kali mpaka mtoto akapiga chafya. Akashika kitabu chekundu, akavuta. Hakikuja. Akavuta tena. Kukatoka sauti ya kitu kupasuka, na Mwalimu akabaki ameshika kurasa peke yake. Jalada limebaki kabatini, limesimama, limeshika mbao chini na kamusi ubavuni. Akajaribu kamusi, ikaja pamoja na atlasi na nyuki na mashairi, vyote vimekuwa tofali moja. Kurasa za mwisho za kile chekundu zilikuwa zimeraruka, nyingine zimebaki kwenye jalada.

Mama Rhoda alishika mdomo. Mwalimu akaziweka zile kurasa mezani, akazinyoosha, kisha akanigeukia.

"Fundi, kabati hili ulimtengenezea nani? Vitabu, au watu wa sokoni?"

Hakupaza sauti. Jibu alikuwa nalo yeye. Nikainuka, nikapita katikati ya watu, nikaacha hata kofia yangu. Nilipofika barabarani niligundua ninakimbia.

Jumatatu nikamwambia Jaswant anipeleke mbali. Alikuwa na kazi kwenye shamba moja upande wa Longonot, ghala jipya na madirisha. Alikuwa amekwisha sikia, Bondeni haifichi kitu. Sikupigiwa kelele. Ni afadhali angepiga kelele. Alichukua chupa ya spiriti na kisu chembamba, akaenda mwenyewe kwa Mwalimu, mtu ambaye hakuwahi hata kusalimiana naye, akawa anakipasha kisu moto na kubandua ukurasa mmoja mmoja. Kisha akanipeleka Longonot.

Huko nilikaa. Vumbi lile laini la mlima, upepo, randa, kulala. Dereva wa Jaswant alileta mbao kila baada ya muda, na pamoja na mbao akaleta maneno. Mara ya kwanza alisema vitabu vimebanduliwa, kile chekundu kimeshonwa tena, kurasa za mwisho zina mapengo pembeni lakini zinasomeka. Nilifurahi kidogo. Mara ya pili akasema, "Mwalimu anasema uje Jumapili." Nikadhani naitwa kuaibishwa mbele ya watu. Nikamwambia mwambie nina madirisha mengi. Mara ya tatu akaja anacheka: "Kuna mpishi mmoja mnene alikuja karakana. Anauliza kama umekufa. Anasema kama hujafa, uje." Nikacheka pia. Sikwenda. Madirisha yalikuwa yamekwisha zamani, vijana. Nilikuwa napiga randa mbao zilizokwisha pigwa randa.

Asubuhi moja nikiwa juu ya ghala nikaona treni inatoka upande wa Nakuru, mabehewa yamejaa watu, mama na watoto na mizigo, na askari milangoni. Walikuwa Wakikuyu wanaohamishwa kurudishwa makwao. Tulikuwa tumezoea kuona. Nikaitazama mpaka ikapinda mlimani, nikaendelea na misumari.

Kazi ikaisha kabisa, sikuwa na ukuta wa kujificha nyuma yake. Nikarudi Nakuru, Jumapili nikaenda Bondeni, maneno ya kuomba radhi nimeyapanga kichwani. Mama Rhoda alikuwa nje anapepeta mahindi. Hakunikaribisha.

"Umekuja sasa," akasema.

"Mama, nilikuwa na kazi."

"Wacha hiyo. Unajua tumerudia sura za zamani mara ngapi? Mtoto huyu hajaanza shule na anaijua sura ya mto kwa moyo. Watu walitaka isomwe ile ya mwisho. Hata mimi nilitaka. Mimi nilisema, huyo aliyetuharibia vitabu tumngojee nini? Ni Mzee Gathogo aliyekataa. Akasema kanuni ni kanuni. Akasema huyo kijana ataona haya mpaka zimwishe, halafu atakuja, na akija asikute makombo."

Nikamwuliza, "Mzee yuko wapi?"

Aliweka ungo chini. Akaniambia askari walipita alfajiri, nyumba kwa nyumba, wakichagua watu kwa karatasi zao na kwa makabila yao, na mzee hakupewa nafasi hata ya kuvaa viatu vizuri. Mwalimu aliposikia alitoka mbio na kitabu chekundu kwapani mpaka stesheni. Askari hawakumruhusu kusogea. Akamwona mzee ng'ambo ya ua, katikati ya watu, akapaza sauti, "Mzee! Nikuambie mwisho?"

Mzee Gathogo akatikisa kichwa. Akaita na yeye, "Usiniambie! Ningojeni!"

Kisha wakampandisha.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni akimsikiliza mkewe akisimulia. Nikaanza kusema yale maneno niliyoyapanga, nikaona hayafai hata kidogo, kwa sababu niliyapanga kwa ajili ya vitabu. Vitabu vilikuwa vimekwisha pona. Nilichokifanya kwa vanishi kilirekebishwa kwa chupa ya spiriti. Nilichokifanya kwa kujificha hakuna fundi wa kukibandua. Kama ningekuja nilipoitwa mara ya kwanza, mzee angesikia mwisho wake ameketi, mandazi mkononi. Niliona haya, vijana. Niliwahi kuona haya mara nyingi katika kazi, lakini hizo nyingine zilikuwa za masikio. Hii ilikaa tumboni, na bado ipo.

Majirani walipokuja mchana ule, mmoja akasema sasa tusome, basi, fundi amerudi. Mwalimu akasema, "Amesema tumngoje." Akatoa kitabu cha nyuki, akatusomea nyuki. Hakuna aliyebisha. Mimi nilikaa sakafuni karibu na mlango.

Tulimaliza nyuki, tukamaliza vingine. Mwalimu akapata uhamisho kwenda kufundisha kwao. Siku ya kufunga mizigo nilikuja na sanduku la mbao kavu, halina vanishi wala kioo, nikamsaidia kupanga vitabu. Kile chekundu alikiweka kando. Nilipokwisha piga msumari wa mwisho akanipa.

"Mzee akirudi, atarudi Nakuru," akasema. "Wewe ndiye utakayekuwa hapa."

Hakusema ni adhabu, hakusema ni zawadi. Sikumwuliza.

Baada ya Hali ya Hatari nilikwenda mpaka Nyeri mara mbili kuuliza. Kuna Gathogo wengi. Niliuliza hotelini, niliuliza kila mpishi niliyemtengenezea meza. Nikaoa, nikafungua karakana yangu, nikatengeneza makabati ya watu wakubwa ambao majina yao mnayasikia redioni. Nyumbani nina rafu ya vitabu, nimeitengeneza mwenyewe, ina mguu katikati na haina milango. Nina vitabu vingi sasa. Ninavipenda, na nimevisoma vyote ila sura moja.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Nekesa, ambaye yeye mwenyewe ni mwalimu, alikuwa akinipangusia rafu. Akakitoa kile chekundu, akakifungua nyuma, akaanza kusoma kwa sauti pale palipo na mapengo pembeni. Nikampigia kelele ambayo sijawahi kumpigia. Akashtuka mpaka kikamponyoka.

"Babu, si ni kitabu tu? Unaogopa nini, nimesoma mstari mmoja!"

Nikamwambia akifunge, akirudishe mahali pake, kuna mtu hajafika.